Mstari wa Kijani wa Mzee Gaspard

Jumatatu, tarehe 20 Julai 1992, saa nne asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya gereji ya ofisi yetu huko Niboye, Kigali, nikiandika namba kwa chaki juu ya masanduku ya mbao. Yalikuwa kumi na tisa, na ndani ya kila sanduku mlikuwa na vipande vya mwamba, vya mviringo kama kuni zilizokatwa vizuri, vilivyotolewa miaka mingi kabla katika kisima cha uchunguzi wa mafuta kwenye bonde la ziwa, upande wa magharibi. Niliagizwa kuyapa namba ili lori lije kuyachukua Ijumaa, likayamwage mahali palipohitaji kifusi. Aliyeyatunza, Mzee Gaspard, mwanajiolojia wetu, alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, amevaa koti lake la kijivu ambalo hakulivua hata wakati wa joto. Siku tatu kabla alikuwa ameambiwa kwamba kazi yake imekwisha. Hakunikaripia. Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuomba chumvi mezani, akiniita msichana kwa Kinyarwanda: "Mukobwa, ile mstari yangu ya kijani iko kwenye mraba gani?" Nilimjibu bila kuinua uso: "Iko ndani ya wastani, Monsieur." Akasema, "Ah bon," yaani kumbe, akaenda jikoni kunywa chai. Nilikuwa sijui kama nilichosema ni kweli. Nilijibu kama mtu anayejua.

Sikuwa nimelitazama jibu hilo uso kwa uso kwa miaka mingi, mpaka Desemba iliyopita. Niliondoka Kigali mwaka 1993 kwenda kuendelea na masomo Dar es Salaam, na niliporudi, baada ya yote yaliyotokea, nilikwenda Kabuga alikokuwa akiishi Mzee Gaspard. Katika nyumba yake nilikuta watu wengine waliokuja kutoka Uganda, watu wema, ambao hawakulijua jina lake. Niliuliza mara mbili kwa majirani, kisha nikaogopa kuuliza mara ya tatu. Nikamweka miongoni mwa wale ambao nilikuwa nimekwisha kuwaombea. Halafu Desemba simu ikalia, sauti ya mwanamke ikasema: "Samahani, baba yangu anauliza kama wewe ndiye Salma wa miraba." Nilikaa chini ndipo nikajibu kwamba ndimi. Siku ya pili nilikuwa Kagarama, sebuleni kwa binti yake, mbele ya mzee mwembamba aliyevaa koti la kijivu, si lile la zamani, lakini la kijivu vilevile. Tulikula isombe, yaani kisamvu, na samaki. Alinieleza kwa maneno machache jinsi alivyovuka mpaka na jinsi alivyorudi, kisha akasema inatosha, akamwagiza binti yake alete mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na barua yangu. Niliisoma pale pale nikiwa nimeishika kwa mikono miwili, na nilihisi wepesi ambao sijui kuueleza vizuri zaidi ya kusema kwamba nilipumua kwa mapafu yote. Yaliyosalia katika sura hii nayaandika ili barua ile ieleweke.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kukodi yenye vyumba vinne. Sebule ilikuwa chumba cha kuchorea, na kati yake na jiko kulikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani, ambalo halikufungwa kamwe, kwa hiyo lolote lililosemwa upande mmoja lilisikika upande wa pili. Mkuu wetu, Injinia Faustin, alikulia Bukavu, na wachorongaji wa visima waliokuja kuleta vifaa walitoka huko huko. Ndiyo sababu, katika nyumba ile ambamo kila mtu alijua Kinyarwanda na watu watatu walijua Kifaransa, maneno ya kazi yalisemwa kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Mama Aziza, mpishi, alikuwa wa Biryogo kama mimi, na Kiswahili chake ndicho kilichokuwa kimenyooka kuliko vyote. Machi ile ilikuwa Ramadhani. Yeye na mimi tulikuwa tumefunga, naye aliwapikia wenzetu maharage na ndizi bila kuonja, akimwita Mzee Gaspard aje aseme kama chumvi imetosha. "Onja, Gaspard, wewe ndiwe ulimi wangu mwezi huu," alimwambia. Mzee alionja kwa makini yale yale aliyotumia kulamba mwamba ili ajue kama ni udongo au mchanga. "Chumvi iko," alitoa hukumu, "lakini iko na haya." Naye Mama Aziza alimjibu kwamba heri chumvi yenye haya kuliko mawe yake yaliyojaa gereji, yasiyoliwa wala kujengewa. "Hayo mawe yako yanakula nini, Gaspard? Yanakula nafasi."

Kazi yangu ilikuwa kuifanya michoro ya mzee iingie kwenye komputa. Alikuwa amechora bonde lile lilivyo chini ya ardhi kwenye karatasi za miraba midogo zilizounganishwa kwa gundi mpaka zikafunika ukuta mzima: njano kwa mchanga mzuri unaopitisha mafuta na gesi kwa urahisi, kahawia kwa mchanga wenye matope, na kijani kwa udongo mgumu usiopitisha kitu. Kijani chote kilikuwa mstari mmoja tu, wenye unene wa mraba mmoja mdogo, uliokwenda kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine bila kukatika. Penseli ya mstari huo aliichonga mwenyewe kwa wembe na hakumruhusu mtu mwingine kuigusa, kwa sababu, alisema, upana wa ncha ndio upana wa tabaka. Komputa yetu, ambayo tuliifunika kwa kitambaa cha meza kila jioni, isingeweza kubeba miraba yote ile. Ingejaa kabla ya kufika robo. Kwa hiyo miraba mia moja midogo, kumi kwa kumi, ilipaswa kuunganishwa kuwa mmoja mkubwa, na ule mkubwa kupewa namba moja ya kueleza jinsi unavyopitisha. Injinia Faustin, aliyekuwa na haraka, alikuwa amebandika ukutani sheria aliyoitunga mwenyewe: rangi iliyo nyingi ndiyo jina la mraba. Niliipenda sheria ile. Ilikuwa safi, na iliniwezesha kumaliza karatasi moja kwa siku huku nikiwa na njaa ya saumu. Nilihesabu njano, nikahesabu kahawia, nikaandika jina la mshindi. Mwaka ule vyama vya siasa vilikuwa vikichipuka na redio ya jikoni ilizungumzia wengi na wachache kutwa nzima. Sitaki kuilazimisha hesabu yangu ibebe mambo ambayo haikuyabeba, lakini siwezi kusema kwamba sikuyasikia maneno yale nilipokuwa nikihesabu.

Mwezi wa Julai komputa ilitoa majibu yake, na majibu hayo yaligongana na daftari la bluu la Mzee Gaspard. Zamani, alipokuwa kijana, mzee alikaa siku tisa kando ya kisima kile akisoma geji mbili za mgandamizo wa gesi, moja ikiwa chini ya tabaka la kijani na nyingine juu yake. Gesi ilipoachiliwa kutoka chini, geji ya chini ilishuka kila siku, na ya juu haikutikisika. Maana yake ilikuwa wazi: kati yao kulikuwa na kizuizi. Lakini katika uigaji wa komputa, geji ya juu ilianza kushuka baada ya saa chache tu, kana kwamba hapakuwa na kizuizi chochote. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana, Ijumaa ile ya tarehe 17, wakati Injinia aliposukuma sahani yake kando. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ripoti ya kupeleka mwisho wa mwezi, na wakubwa zake walimpigia simu kila asubuhi.

"Mzee," alisema, "ile mstari yako tuliiweka. Komputa iliiona. Haikufanya kitu. Sasa daftari yako inasema siku tisa geji ya juu haikutikisika hata kidogo. Ama geji ilikuwa imekufa, ama mwenye kuisoma alikuwa amelala."

"Sikulala, Injinia," Mzee Gaspard alijibu. "Kulikuwa mbu."

Kutoka upande wa pili wa dirisha dogo Mama Aziza alisema, bila kuulizwa, kwamba mbu wa kule hawamwachi mtu alale, hilo hata yeye analijua. Mtu mmoja alicheka, akaacha. Injinia alisema kwamba ripoti haiwezi kusimama juu ya mbu, kwamba daftari litaondolewa katika ushahidi pamoja na mchoro, na kwamba hakuna haja tena ya mzee kuendelea kuja wala ya gereji kuendelea kuwa ghala la mawe. Mzee alikunja kitambaa chake cha mkono mara nne, akakiweka mfukoni. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu, lakini sidhani kwamba ndilo lililomuuma. Lililomuuma ni kwamba siku tisa za ujana wake, alizozisoma kwa uaminifu namba baada ya namba, zilikuwa zimeitwa usingizi. Mimi niliendelea kula. Nilidhani, nakiri, kwamba labda ni kweli alilala.

Basi Jumatatu ile, baada ya swali lake gerejini, nilirudi chumba cha kuchorea nikafungua majedwali yangu. Nilianza na mraba wa kwanza wa kushoto, pale mstari wa kijani ulipoanzia. Midogo mia moja: sitini na miwili ya njano, ishirini na minane ya kahawia, kumi ya kijani. Nilikuwa nimeandika njano. Wa pili: njano. Wa tatu: kahawia. Nilifuata mstari kwa kidole mpaka ukingo wa kulia wa ukuta. Katika kila mraba mkubwa ulioupitia, kijani kilikuwa kumi katika mia, na katika kila mmoja kilikuwa kimeshindwa. Tabaka lililopita katika bonde zima bila kukatika halikuwa limebaki katika mraba hata mmoja. Si kwamba komputa iliuona mstari wa mzee ikaudharau. Haikuonyeshwa. Nilisikia kupitia dirisha dogo kijiko chake kikizunguka ndani ya kikombe na Mama Aziza akimwambia aongeze sukari, leo asijihesabie vijiko. Ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti changu hadi jikoni. Nilikuwa mwanamke pekee aliyekuwa na meza katika ofisi ile, na kuipata meza hiyo kulinichukua miezi minane ya barua na kungoja kwenye mabenchi. Nilifunga majedwali. Saa saba mchana mzee aliaga kila mtu kwa mkono, nami pia, akaenda kutafuta gari la Kabuga.

Jambo moja tu nililifanya wiki ile, na nililifanya kwa mlango wa nyuma. Nilimwuliza Mama Aziza kama angejua mtu wa kuyahifadhi masanduku. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyostahili. Alhamisi ndugu yake alikuja na pikapu, akaenda Biryogo safari mbili, na lori la Ijumaa lilikuta gereji imefagiliwa. Injinia alifurahi kwamba kazi imefanywa mapema. Mawe yaliingia chini ya vitanda na mengine yakapangwa ukumbini kama benchi. Kwa mwezi mzima wageni wa Mama Aziza walikalia miaka milioni kadhaa ya historia ya ziwa bila kujua.

Agosti nilianza kuifanya hesabu upya, kwa mkono, mchana, wengine wakidhani kwamba ninasafisha viambatisho vya ripoti. Sheria ya rangi niliiacha. Nilikuwa nimejifunza chuoni, na nilikuwa nimekubali kusahau, kwamba mraba mmoja unahitaji namba mbili. Kwa kitu kinachosafiri kando ya matabaka, wastani wa kawaida unatosha, kwa sababu kitafuata njia iliyo rahisi. Lakini kwa kitu kinachotaka kupanda kukatisha matabaka, hujumlishi wepesi, unajumlisha ugumu wa kila tabaka, na tabaka moja jembamba lililo gumu sana linaweza kuamua peke yake. Mtu anayetembea sambamba na ukuta hausikii ukuta. Anayetaka kupita ng'ambo ndiye anayeujua. Jumatano tarehe 12, Injinia akiwa mjini, niliingiza namba zangu. Umeme ulikatika mara moja, nikaanza tena. Karibu na saa tisa alasiri karatasi ilianza kutoka, ikikunjamana sakafuni, na niliinama nikaifuata kwa jicho siku baada ya siku: geji ya chini ikishuka, geji ya juu palepale. Siku ya kwanza palepale. Siku ya tano palepale. Siku ya tisa palepale. Niliweka daftari la bluu kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu Julai nilihisi mabega yangu yakishuka. Nilikuwa nimetumaini, kwa sehemu fulani ya moyo wangu ambayo siipendi, kwamba mzee alikosea kidogo. Hakukosea hata kidogo, na mimi ndiye niliyefarijika kuliko mtu yeyote.

Mama Aziza aliingia na chai akanikuta nimekaa sakafuni.

"Ni mimi," nilimwambia.

"Ni wewe nini?"

"Niliyemfukuza Mzee Gaspard."

Alipangusa mikono kwa kanga, akavuta kiti. Nilimweleza. Sijui aliyaelewa mangapi juu ya miraba, ila alielewa vizuri jibu langu la gerejini na kimya changu cha baadaye. "Basi mrudishe," alisema. "Unalia nini, mwanangu? Mtu yuko Kabuga, hayuko mbinguni. Na mimi nataka kulala kitandani pangu bila kugonga kisigino."

Injinia Faustin aliporudi nilimpa karatasi zote mbili, ya Julai na ya siku ile, nikasimama. Alisoma huku amesimama pia. Kisha aliutazama ukuta.

"Nani alitunga hii sheria ya rangi?"

"Ni wewe, Injinia."

"Na nani aliifuata bila kuuliza?"

"Ni mimi."

Alikwenda akaibandua karatasi ile, akaikunja ndogo ndogo, akaitia mfukoni mwa shati kama risiti ya kitu kibaya alichonunua. "Basi tuko wawili," alisema. "Andika ukurasa moja ya masahihisho. Nitatia sahihi. Ile ripoti ilishaenda, lakini ukurasa itaifuata." Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, na nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kuwaambia watu wa nyumbani. Sikuyahitaji. Mpaka leo nikimkumbuka namkumbuka hapo, akiikunja karatasi yake mwenyewe.

Ukurasa uliandikwa na kutiwa sahihi, na ukaenda. Daftari lilirudishwa katika ushahidi. Lakini ukurasa ule ulisema "kosa la hesabu," na hesabu haikuwa imesimama gerejini na chaki mkononi. Hilo lilibaki kwangu. Niliandika barua mara nne. Ya kwanza niliiandika kwa Kifaransa, kwa kuwa mzee alikiheshimu, kisha nikaichana, kwa sababu nilimjibu vibaya kwa Kiswahili. Alirudi kazini, nalisema mapema ili msomaji asiwe na wasiwasi kama niliokuwa nao wiki ile. Mafuta hayakuchimbwa, na kazi yetu iliishia kwenye makabati. Lakini barua imebaki, na hii ndiyo, kama nilivyoinakili kutoka mkononi mwake Kagarama.

Biryogo, 27 Agosti 1992

Kwa Mzee Gaspard, Kabuga

Monsieur,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mama Aziza naye anakusalimu na anasema mawe hayajambo. Masanduku yote kumi na tisa yako kwake, makavu, kwa mpangilio ule ule uliouacha.

Uliniuliza mstari wako uko kwenye mraba gani. Nilikujibu kwamba uko ndani ya wastani. Jibu la kweli ni kwamba haukuwa katika mraba wowote. Niliuondoa mimi, mraba mmoja baada ya mwingine, kwa kuhesabu rangi na kuandika iliyo nyingi. Nilipokujibu nilikuwa sijui. Lakini niliangalia majedwali siku ile ile, wewe ukiwa bado unakunywa chai, na tangu hapo nilijua. Nilikuaga kwa mkono nikiwa najua. Ukurasa ambao Injinia atakuletea hausemi hivyo, kwa hiyo ninausemea mimi.

Nimefanya hesabu upya nikauweka mstari wako unavyostahili. Komputa sasa inasema kwamba siku tisa geji ya juu haikutikisika. Daftari lako lilisema hivyo kabla yake. Hukulala, Monsieur. Kulikuwa na mbu.

Sikuombi usahau. Nakuomba uje Jumatatu. Injinia amekubali, na gereji imebaki tupu ikikungoja, kwani gari lake, alilotaka kulilaza humo, limekataa kuingia. Mchoro wako bado uko ukutani. Mimi nimekaa mbele yake kila siku na sijaongeza wala kufuta kitu.

Penseli ya kijani iko palepale ulipoiweka, na wembe wake. Ncha imekuwa butu. Sijaichonga.

Salma